Ruzuku ya Kicheko

Siwatu alikufa asubuhi, na hadi jua la alasiri alikuwa bado amekaa jikoni kwake ndani ya sanda, akilalamika kwamba imembana kwapani.

"Nani kakukatia?" Mwavita alimuuliza kutoka mlangoni.

"Wifi zangu."

"Watu wa Mlimani. Hata maiti mnampimia kitambaa kwa uchoyo."

"Ningekatiwa na nyinyi wa Bondeni ningezikwa uchi. Sanda ingekuwa pazia la mtu sasa hivi. Ingia, unaniziba mwanga."

Mwavita akaingia. Uani palijaa waombolezaji, na kila aliyepita mbele ya dirisha la jikoni alitazama upande mwingine. Wote walikuwa wamemwona Siwatu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba na huyu naye amebaki.

"Unakumbuka tulivyoahidiana?" Siwatu akauliza.

"Nakumbuka. Atakayetangulia, mwenzake amcheke mpaka atoke."

"Bila kupamba."

"Bila kupamba."

"Basi ukinipamba, Mwavita, nitakaa hapa mpaka jiko hili liniangukie. Na nitakuwa nakuita. Kila ukitaka kula, utasikia jina lako."

"Unataka niseme lipi?"

"Usijifanye huna habari. La Pazi."

Mwavita akafunga mlango wa jiko, akavuta kigoda, akajaribu pale pale. Alilisema lote, kwa sauti ya Siwatu mwenyewe, na midomo aliibinua kama Siwatu alivyoibinua. Siwatu alicheka mpaka pamba ikamtoka puani. Mwavita naye akacheka. Walipotulia, Siwatu alikuwa bado amekaa palepale, mzito kama gunia la chumvi. Cheko la wawili ni mazungumzo tu. Halimtoi mtu duniani.

Mji ule ulikuwa na pande mbili, Mlimani na Bondeni, na kila upande ulikuwa mtani wa mwenzake. Akifa mtu wa Mlimani, ndugu zake hulia. Hiyo ndiyo kazi ya ndugu. Lakini mtu wa Bondeni huja akavaa nguo za marehemu, akatembea kama alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, kisha akalisema lile jambo ambalo marehemu alilificha maisha yake yote na ambalo kila mtu alilijua. Watu hucheka. Hucheka kweli, bila kutaka, mpaka mfiwa mwenyewe anajishika mbavu huku machozi yanamtiririka. Ndipo marehemu huwa mwepesi, akanyanyuka, akaenda zake, na kinachobaki kwenye jeneza ni mwili wa kufukiwa, hauna mtu.

Kwa nini kicheko, si kilio? Mwavita alikuwa ameuliza hivyo utotoni na hakujibiwa, akajijibu mwenyewe alipokua. Anayeliliwa hujiona wa maana mno kuondoka. Kila chozi ni mkono unaomvuta nguo: baki, tutakuwa wageni wa nani, nani atatufungulia mlango. Lakini aliyechekwa hujua kwamba mji utaamka kesho bila yeye na chai itachemka. Hujua kwamba hata aibu yake, ile aliyoilinda kuliko watoto wake, imekwisha kugawiwa watu kama pilau, kila mmoja kala, sahani zimeoshwa. Hana tena cha kukaa akikilinda.

Na mtani hakulipwa. Alinyakua. Akishamaliza aliingia ndani ya nyumba ya msiba akabeba alichokitaka, jogoo, sufuria, mkeka, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Kuna tofauti kubwa kati ya kitu ulichonyakua na kitu ulichopewa, ingawa jogoo ni yuleyule na mchuzi ni uleule. Ulichonyakua unakula huku unamtazama mwenyewe machoni. Ulichopewa unakula umeinamia sahani.

Lakini isisemwe kwamba Mfuko wa Urithi ulikuja kwa ubaya. Wanaosema hivyo wana paa zisizovuja.

Kabla ya Mfuko, utani ulikuwa unakufa kwa njaa. Watani walikwenda kuponda kokoto, wakaja misibani na vumbi kwenye kope, wakatupa mzaha mmoja wa kuazima, wakanyakua kuku, wakakimbia nyumbani ambako sufuria ilikuwa inachemsha maji matupu. Vijana walisema hawawezi kurithi kazi ya kutukana maiti. Mwavita mwenyewe, aliyekuwa na ulimi uliopita wote Bondeni, alilala na binti yake Mosi chini ya paa lililotoboka, wakihamisha kitanda kufuata mahali pakavu, na usiku kucha kifua cha Mosi kilipiga filimbi. Ulimi wake haukununua dawa. Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu mpaka kwenye mifupa.

Ndipo akaja Mratibu wa Mfuko. Mratibu hakuwa mtu mmoja. Mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye sauti ya upole; mara ya pili alikuwa mama wa makamo; kuna asubuhi alifika akiwa mzee na kufikia saa ya chakula akawa msichana. Kitambulisho kifuani kilikuwa kilekile, na sauti ilikuwa ileile ya upole, kwa hiyo watu walizoea. Mratibu alisema nchi imetambua thamani yao. Akasema neno "hazina", na wazee wakatazamana, maana walikuwa hawajaitwa hivyo. Akasema kila mtani atapata ruzuku, na jamaa yake atatibiwa bure.

Bati la kwanza lilipopigiliwa juu ya nyumba yake, Mwavita alilia. Mosi alipolala usiku mzima bila filimbi, alilia tena. Hakuna mzaha hapo. Mama anayelala akisikiliza kifua cha mwanawe hahitaji kufundishwa fadhila ni nini.

Mabadiliko yalikuja baadaye, madogo madogo, na hakuna hata moja ambalo mtu mwenye akili angelikataa. Mratibu alisema kunyakua kunawatia hofu wageni. Wanaona kama wizi. Kukawa na posho badala yake. Sawa. Akasema kuna watoto wanaosikiliza. Matusi mazito yapunguzwe. Kamati ikaundwa ya kupunguza, na Siwatu, kwa kuwa alikuwa mkali na mwadilifu, akawa mwenyekiti. Sawa. Akaleta saa kubwa, akaisimamisha uwanjani, na tangu siku hiyo jua la mji likawa linaifuata. Mgeni rasmi akichelewa, alasiri ilisimama ikamngoja, vivuli vikakaa palepale chini ya watu, maziwa hayakuganda, watoto hawakukua. Watu walinung'unika kidogo, lakini wageni rasmi huchelewa kila mahali.

Mwisho akaleta vinasa sauti.

"Kicheko kinameza maneno," Mratibu alisema. Siku hiyo alikuwa bibi mwenye miwani. "Nimesikiliza tulichorekodi. Mtani anasema, halafu hahaha, hahaha, basi. Vizazi vijavyo vitarithi kelele. Naomba tu mjizuie. Taa nyekundu ikiwaka, kimya. Ikizimika, pigeni makofi."

Watu wakakubali. Makofi na kicheko si vyote ni furaha? Ni kosa ambalo watu wale peke yao wangeweza kulifanya. Mtu wa mji mwingine, anayelia msibani tu, angeshika kicheko kwa vidole viwili na kuuliza hiki ni cha nini. Wao walikuwa wamecheka makaburini tangu wakiwa wanabebwa mgongoni. Hawakujua kwamba kucheka kule kulikuwa kazi, na kwamba kazi isipofanywa, jambo haliendi.

Wa kwanza kubaki alikuwa fundi cherehani. Watu walimzika, na jioni wakamkuta kwenye mashine yake, akikanyaga bila uzi. Wakasema alikuwa mbishi toka zamani. Akafuata mwuza maandazi. Wakafuata wengine. Maiti walikaa barazani, wakaitikia salamu, hawakuomba kitu. Watu walijifunza kufagia wakiwazunguka. Mratibu alipowaona aliwaingiza kwenye taarifa kama wahudhuriaji, na ruzuku ikaongezwa.

Aliyelisema ni Mzee Pazi peke yake. Pazi alikuwa mtani mkuu wa Bondeni, mtu aliyeweza kuigiza hata kuku aliyehukumiwa. Katika msiba mmoja aliacha kumwigiza marehemu, akamwigiza Mratibu: namna alivyojifuta machozi kwa mkono mmoja huku wa pili umegeuza saa aione. Halafu akasema, "Fadhila ya punda ni mashuzi, na sisi tumepanga foleni nyuma yake na vikombe." Watu wakasahau taa. Walicheka mpaka jeneza likatikisika, na marehemu yule akaondoka kwa kishindo kama kifaranga anayetimuliwa. Alikuwa wa mwisho kuondoka katika mji ule.

Kamati ilimwondoa Pazi kwa kutoka nje ya mada. Mwenyekiti ndiye aliyelisoma tamko. Pazi hakualikwa tena popote, na kwa kukatazwa kusema akajikunja kama jani, akafa. Wajibu wa kumcheka ulikuwa wa Mlimani. Ulikuwa wa Siwatu. Walimpelekea mwito, na Siwatu hakwenda. Tangu hapo Pazi amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, na wapitao humwamkia.

Hilo ndilo jambo la Pazi. Mji mzima ulilijua.

Mratibu alimkuta Mwavita njiani akitoka kwa Siwatu. Sasa alikuwa mwanamume mnene, anatoka jasho.

"Pole na msiba, mama. Marehemu alikuwa nguzo yetu. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Jua limesimama, nimeona."

"Tumekuandalia cha kusema. Utasema Siwatu alipenda chai ya sukari nyingi mno. Vijiko juu ya vijiko. Utaigiza anavyokoroga."

"Siwatu hakuwa akitia sukari."

"Ndiyo uzuri wake. Itafurahisha bila kuumiza mtu."

"Kama haimuumizi mtu haimtoi mtu."

Mratibu akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli, ndiyo sababu ilitisha. "Mama Mosi, sisi hatumlazimishi mtani. Tungemlazimisha, tungekuwa tumeua kile tulichokuja kukiokoa. Wewe uko huru. Ila unajua utaratibu: anayetoka nje ya mada anatoka kwenye ruzuku, na anayetoka kwenye ruzuku anatoka na jamaa zake. Mosi anaendeleaje na kifua?"

"Anapumua."

"Tunamwombea."

Mosi alikuwa akianika nguo aliposikia hatua za mama yake. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mwenye maneno makavu kama ya mama yake, isipokuwa aliyasema kwa vipande, akipumzika katikati.

"Bi Siwatu ameondoka?"

"Yuko jikoni kwake. Analalamikia sanda."

"Angalau hajabadilika." Mosi akabana nguo ya mwisho. "Wamekwambia useme nini?"

"Sukari."

"Na wewe unataka kusema Pazi."

"Ndiyo."

"Ukisema, dawa zinakwisha?"

"Zinakwisha."

Mama mwingine angetaka binti yake aseme, sema mama, usijali mimi. Mwavita hakutaka uongo huo na hakuletewa.

"Basi usiseme," Mosi alisema. "Bi Siwatu amekwisha kufa. Hakohoi. Mimi nataka kupumua leo."

"Nimekusikia."

"Umenisikia lakini umekunja uso."

"Keti." Mwavita akamkalisha kwenye ngazi. "Dawa zitakupa leo, na kesho, na labda uzee. Namshukuru aliyezileta, sitafuni maneno. Lakini Mosi, siku moja utakufa tu, kwa kifua au kwa kitu kingine. Na kama mji huu haujui tena kucheka, hutakwenda. Utakaa hapa, kwenye ngazi hii, na filimbi yako kifuani. Mimi nitakuwa nimekaa kando yako, nimekufa na mimi, naisikiliza. Hatutalala. Bati litaoza juu yetu. Ni nani atakuja kututoa?"

"Kwa hiyo nichague. Nikose pumzi sasa, au nikose mlango baadaye."

"Sikwambii uchague. Mimi ndiye nitakayesema. Nakwambia tu ninakuuza kwa nini."

Mosi akatazama nguo kwenye kamba. Hazikuwa zinakauka, alasiri ilikuwa bado inangoja.

"Unaniuza ghali, angalau," alisema, na wakacheka wote wawili kidogo, kwa pumzi iliyokuwepo. "Nitakuja. Nataka kuona sura ya Mratibu."

Mgeni rasmi alifika, na jua likaanza kutembea. Uwanja ulikuwa umejaa. Mbele waliketi wakubwa, nyuma yao Mlimani upande huu na Bondeni upande ule, na kati yao, wameketi kwa adabu, wale waliobaki: fundi cherehani, mwuza maandazi, na wengine ambao watu hawakuhangaika tena kukumbuka wamekufa au la. Jeneza lilikuwa wazi. Siwatu alikuwa amekaa ndani yake, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuvushwa mto.

Mwavita akapanda jukwaani na nguo za Siwatu: gauni la kijani, kilemba kilichofungwa kwa ukali, viatu vilivyochakaa upande mmoja. Nguo za marehemu humshika mtani. Alipoinua mguu, mguu ulikuwa wa Siwatu. Alipofungua mdomo, hakujua kwa hakika ni nani kati yao atakayesema, na taa nyekundu ikawaka.

"Mimi Siwatu," alisema. "Nimechelewa? Sijachelewa. Mimi huwa sichelewi panapogawiwa kitu."

Mratibu alitikisa kichwa kwa upole, akikoroga hewani kwa kidole: sukari, sukari.

"Mimi Siwatu binti wa Mlimani. Mwenyekiti. Msije mkanisahau cheo, nilikinunua kwa bei. Niliitwa nikamcheke Pazi. Pazi kafa, njoo Siwatu, njoo umtoe. Nikavaa viatu. Nikavivua. Nikavivaa. Mguu mmoja ulitaka kwenda, mguu wa pili ulikuwa na semina."

Kitu kilipita uwanjani kama upepo chini ya mkeka.

"Nikachungulia dirishani. Nani ataniona nikienda? Nani ataniona nisipokwenda? Nikapanda kitandani na viatu. Nikajifunika gubigubi. Nikasema, kama mimi sisikii, hawajaniita. Pazi mlangoni kwake amekaa, mimi kitandani kwangu nimelala, haya, niambieni nyinyi wenye akili, maiti ni yupi? Yeye alikuwa anapumua kuliko mimi! Na kila asubuhi nampita. Shikamoo Mzee Pazi. Marahaba mwanangu, ile kazi yangu lini? Kesho mzee, leo nina kikao. Shikamoo Mzee Pazi. Marahaba, lini? Kesho, leo nina wageni. Shikamoo. Lini? Shikamoo. Lini? Nikabadilisha njia. Nikapitia nyuma ya choo cha jirani, mimi mwenyekiti, nimekunja gauni, kinyesi mpaka hapa, ili nisimwamkie maiti! Na nilipofika kwenye kikao, wenzangu wote wa kamati viatu vyao vinanuka. Wote! Tulikuwa tumepita njia moja!"

Kilikuwa kinakuja. Mwavita alikiona. Aliona mashavu ya wifi wa Siwatu yakivimba. Aliona mzee mmoja ameuma kofia yake, mabega yanaruka. Wajumbe wa kamati walikuwa wameficha miguu chini ya viti. Bondeni nzima ilikuwa imebana midomo kama watu waliojaza maji. Ndani ya jeneza Siwatu alikuwa amefumba macho, na sanda, ile sanda ya kubana, ilianza kulegea kwapani, na kisigino chake kimoja kilikuwa kimeinuka, ndiyo, kimeinuka juu ya ubao.

Na kwenye safu ya nyuma Mosi akacheka. Aliangua, kwa sauti nyembamba inayopasuka, cheko zima bila kujizuia, na katikati yake kifua kikakamata, cheko likawa kikohozi, akainama akikohoa na mkono kwenye mbavu.

Watu wote wakageuka wakaitazama ile taa. Ilikuwa bado inawaka. Walimeza. Mtu anaweza kumeza kicheko. Ni kama kumeza jiwe la moto, lakini mara ya kwanza ndiyo ngumu, na wale walikuwa na mazoezi. Koo baada ya koo, Mwavita aliviona vikishuka. Mzee akaitoa kofia mdomoni akaivaa. Wifi akajifuta jasho.

Taa ikazimika.

Makofi yakalipuka. Hakuwahi kuyasikia makubwa hivyo. Wakubwa walisimama. Mlimani na Bondeni walisimama. Wajumbe wa kamati walipiga kwa nguvu kuliko wote, wakitazamana kwa fahari, kwa sababu wametajwa. Kisigino cha Siwatu kilirudi kwenye ubao, taratibu, kama mtu anayerudisha mguu aliokuwa ameuweka kwenye gari lililokwisha kuondoka.

"Nitoe," Siwatu alisema. Midomo yake tu ndiyo iliyoonekana, sauti ilimezwa.

Mratibu alipanda jukwaani machozi yakimtoka. Alikuwa kijana tena, yuleyule wa mwanzo. Alimkumbatia.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaingoja. Ukali! Ukweli! Mgeni rasmi ameguswa mno."

"Nimewatukana," Mwavita alisema.

"Kwa ufasaha."

"Nimetoka nje ya mada. Niondoeni. Iondoeni ruzuku."

"Tukuondoe? Mama, wewe ndiye utakuwa mada."

Hakuondolewa. Hilo ndilo alilokuwa hajalifikiria katika kujipima kwake kote. Alikuwa amejiandaa kwa adhabu kama mwanamke anavyojiandaa kwa uchungu wa kuzaa, ameshika pembe ya kitanda, ameuma kitambaa, na badala ya uchungu akaletewa mto laini. Je, mtu hupigana vipi na kitu kinachokubali? Ukuta ukiusukuma, unakuonyesha ulipo. Mto unakubali ngumi, unachukua umbo la ngumi yako, na kesho wanauonyesha wageni: tazameni, ngumi ya kienyeji hiyo. Yeye alidhani Mfuko unaogopa maneno. Haukuogopa. Pazi hakuondolewa kwa alichosema. Aliondolewa kwa sababu watu walicheka, na kicheko hakina mwenyewe, hakirudiwi, hakiwezi kupangiwa Ijumaa.

Wao wakampangia Ijumaa. Kila Ijumaa, maneno yaleyale, gauni lilelile la kijani. Dawa za Mosi zikaongezwa, za aina bora kuliko za mwanzo. Mashavu yake yakajaa. Filimbi ikatoka kifuani, na usiku Mwavita aliamka kwa mazoea akasikiliza, akasikia pumzi safi ya msichana mzima, akashukuru, kwa moyo wake wote akashukuru, halafu akalala macho wazi.

"Mama, vua hilo gauni," Mosi alimwambia siku moja. "Umelala nalo tena."

"Nimelivua."

"Hujalivua."

Akajitazama. Ilikuwa kweli. Sokoni walimwita Bi Siwatu, na alikuwa akiitikia.

Siwatu halisi walimtoa kwenye jeneza wakampa kiti cha mbele, kando ya Mzee Pazi, aliyeondolewa kizingitini akaletwa naye ili wageni wamwone anayetajwa. Wawili hao waliketi bega kwa bega na hawakusemeshana. Ijumaa za mwanzo Siwatu alimkazia macho Mwavita tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara mahali pale pa viatu vinavyonuka, midomo yake ilisema neno lile moja, na Mwavita alilitegemea neno hilo. Lilikuwa kama kamba. Maadamu bado anaomba kutolewa, kuna wa kutolewa.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo mgeni rasmi alikuwa wa mbali sana, na alasiri ilikuwa imesimama muda mrefu. Mwavita alivaa viatu, akavivua, akavivaa. Akajifunika gubigubi. Akapita nyuma ya choo, gauni amelikunja. Alipofika kwenye kikao aligeuka, kama kila Ijumaa, kuitafuta ile midomo.

Midomo ilikuwa imetulia. Macho ya Siwatu yalikuwa mazuri, yenye usikivu, ya mtu anayefuatilia hadithi ya mtu mwingine. Ndani ya sanda mikono yake ilikuwa inatafutana.

Taa ikazimika. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yeye.

Mwavita akainama mara moja kuelekea Mlimani na mara moja kuelekea Bondeni, kama alivyofundishwa.